Emuleta Iliyogoma Kuwaka: Mafunzo Niliyopata Umoja

Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaouza mboga katika soko la Mutindwa. Kila Jumapili jioni hufungua kaunta buku yake juu ya meza ya chumba chetu, hapa Umoja Innercore, Nairobi, na kupiga hesabu ya nani ametoa na nani anadaiwa. Nilipomaliza kozi fupi ya kuunda apu za Android, nilimwahidi kumtengenezea apu ya kuweka michango hiyo kwenye simu. Nikaenda mjini na shilingi 23,000 za akiba ya miezi saba, nikarudi na matatu ya 35/60 nimepakata laptopu ya ex-UK, ile mitumba ya ofisi za ng'ambo inayouzwa Luthuli na mitaa ya karibu.

Kuandika apu hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni emuleta, ile simu ya bandia inayowaka ndani ya kompyuta ili ujaribu apu bila kushika simu yenyewe. Nilibonyeza alama ya kijani, kidirisha kikazunguka kidogo, kisha ujumbe mfupi wa Kiingereza ukasema kwamba shughuli ya emuleta imekoma. Basi. Nilihangaika nayo karibu wiki sita. Nayaandika haya kwa sababu najua usiku wa leo kuna kijana wa Kayole, Dandora au Donholm anayeutazama ujumbe huo huo na kuanza kuamini kwamba kazi hii haikuumbwa kwa watu kama yeye.

1. Usifute kitu kabla ya kujua panapouma

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: futa Android Studio yote, uipakue upya. Nikafuta. Android Studio peke yake ni zaidi ya gigabaiti moja, na mfumo wa Android unaowekwa ndani ya emuleta, unaoitwa system image, nao huweza kufika hapo au kupita. Mwenye faiba nyumbani akipakua upya ni kama kusubiri chai ichemke. Kwangu ilikuwa bando ya wiki nzima. Ujumbe uliporudi ule ule, herufi kwa herufi, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitazama salio la simu.

Tangu siku hiyo napanga tiba kwa gharama yake. Naanza na zile zisizokula bando wala pesa: kuzima na kuwasha mashine, kusoma makosa yaliyoandikwa, kukagua mpangilio. Zikishindwa, naenda kwa zinazokula saa zangu. Kupakua upya naweka mwisho kabisa. Kati ya emuleta zote nilizofufua baadaye hapa mtaani, ni moja tu iliyohitaji kupakuliwa upya, na hiyo ni kwa sababu intaneti ilikatika faili ikiwa njiani.

2. Iulize mashine

Kidirisha cha Android Studio hukupa kichwa cha habari tu. Habari yenyewe iko kwingine. Kwenye Windows, fungua Command Prompt, uingie folda ya emulator iliyo ndani ya Sdk. Kwa kawaida utaikuta chini ya AppData\Local\Android\Sdk, kwenye folda yenye jina lako. Andika emulator -list-avds, nayo itakutajia simu za bandia ulizounda. Kisha andika emulator -avd, ufuatishe jina la mojawapo, umalizie na -verbose. Mistari itamiminika. Usitishwe na wingi wake. Nenda hadi mwisho, kisha rudi juu polepole ukitafuta mstari wenye neno ERROR au FATAL, na usome huo kama unavyosoma barua iliyoandikiwa wewe.

Kuna amri nyingine, fupi zaidi, ambayo ningependa kila mwalimu wa kozi hizi aiandike ubaoni siku ya kwanza: emulator -accel-check. Nilipoiandika nilijibiwa kabla sijainua kidole. Mashine iliniambia niwashe VT-x kwenye BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Wiki tatu za kubahatisha, bando mbili, na jibu lilikuwa likingoja kuulizwa.

3. Ujue emuleta inakula nini

Emuleta ya Android imejengwa juu ya QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Kazi ya QEMU ni kuifanya kompyuta moja ijifanye nyingine, ndiyo maana ukifungua Task Manager wakati emuleta inaendelea utakuta jina qemu-system-x86_64. Kujifanya mashine nzima ni kazi nzito, na prosesa isipotoa msaada wa pekee, emuleta ama hukataa kuwaka ama hutambaa hadi ukate tamaa. Intel walianza kutia msaada huo ndani ya prosesa zao mwaka 2005, wakauita VT-x. AMD wakafuata mwaka 2006 na AMD-V, ingawa kwenye mpangilio wa mashine zao mara nyingi utaona imeandikwa SVM. Kwa hivyo karibu kila laptopu ya ofisi inayouzwa mjini leo inao. La kujua ni kama umewashwa. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, utafute neno Virtualization. Kwangu mbele yake paliandikwa Disabled.

Ukiona hivyo, zima mashine, iwashe, na papo hapo ugonge kitufe cha kuingilia BIOS: kwa HP nyingi ni Esc kisha F10, kwa Dell F2, kwa ThinkPad za Lenovo F1. Tafuta penye maneno Virtualization Technology au SVM, weka alama, hifadhi, zima kabisa, washa tena. Kazi ya dakika tano.

Yangu haikuwa ya dakika tano. Nilipogonga F10 mashine ilinidai nenosiri la msimamizi. Kampuni iliyokuwa ikiitumia huko ng'ambo ilikuwa imeifunga BIOS, na aliyeiingiza nchini hakuifungua. Nikampigia aliyeniuzia. "Hiyo ni Windows tu, boss. Piga Windows mpya itaisha." Si kweli. Windows hukaa kwenye diski. BIOS hukaa kwenye chipu yake juu ya ubao, na unaweza kubadilisha Windows mara kumi bila kuigusa. Wengine waliniambia nitoe ile betri ndogo ya ubao. Kwenye laptopu nyingi za ofisi nayo haisaidii, kwa sababu nenosiri limehifadhiwa mahali pasiposahau hata umeme ukikatwa.

Aliyenisaidia ni fundi mwenye kibanda cha kioo si mbali na Moi Drive. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kijana, una risiti ya hii mashine?" Nikamwonyesha. Akanieleza kwamba laptopu iliyofungwa BIOS huenda imeibwa, na bila risiti yeye haishiki. Ndipo akafungua skurubu za chini, akamulika ubao kwa tochi ya simu, akanionyesha chipu nyeusi yenye miguu minane, ndogo kuliko punje ya njugu. Akaibana kwa klipu yenye meno manane, nyaya zikaenda kwenye kifaa kidogo kilichochomekwa USB ya kompyuta yake. Hakuandika chochote kwanza. Aliisoma chipu, akahifadhi nakala. Akaisoma tena, akalinganisha nakala mbili kama zinafanana. "Ukiandika kabla hujasoma vizuri," aliniambia bila kuinua macho, "umeua mashine ya mtu." Alinitoza 2,500. Niliporudi nyumbani nikagonga F10, mlango ukafunguka bila kuniuliza lolote.

4. Fahali wawili hawakai zizi moja

VT-x ikawaka, emuleta ikagoma bado. Safari hii niliuliza kwanza, na jibu likawa tofauti: hakuna programu ya kuutumia ule msaada wa prosesa. Nilikuwa nimefuata video ya zamani iliyoniambia niweke HAXM. HAXM ilitengenezwa na Intel, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa dawa, lakini Intel waliacha kuiendeleza mwaka 2023. Isitoshe, kwenye mashine yangu Hyper-V, programu ya Windows yenyewe ya kuendesha mashine za bandia, ilikuwa imewashwa, na Hyper-V na HAXM zinagombea kitu kimoja.

Kwa Windows ya siku hizi una njia mbili, nawe huchagua moja. Kama Hyper-V imewashwa, au unaihitaji kwa kazi nyingine, fungua Windows Features, weka alama kwenye Windows Hypervisor Platform, uwashe mashine upya. Kama huihitaji, izime, kisha weka Android Emulator hypervisor driver kutoka kwenye SDK Manager. Kuziweka zote kwa imani kwamba mojawapo itashika ndiko kunakozaa ugomvi. Mimi nilichukua ya kwanza.

Wenye mashine kuukuu ambao wamehamia Ubuntu, na hapa Eastlands ni wengi, wao wana KVM, iliyoingia ndani ya Linux mwaka 2007. Tatizo lao la kawaida ni ruhusa. Andika sudo usermod -aG kvm $USER, utoke kwenye akaunti, uingie tena.

Ilikuwa Jumanne, saa tano na robo usiku. Nembo ya Android ilipotokea kwenye kile kisimu cha kuchorwa niliinuka hadi kiti kikaanguka. Mama akatoka nyuma ya pazia akidhani kuna mwizi. Nikamwonyesha apu yake ikifunguka, majina ya wenzake yakipangika moja chini ya jingine. Akaangalia kwa makini, kisha akauliza, "Sasa hii simu ni ya nani?" Swali hilo nitalirudia.

5. Nafasi na RAM

Emuleta hukataa kuwaka diski ikiwa imejaa, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Iachie gigabaiti kadhaa za wazi. Sinema zihamishie kwenye flashi. Kuhusu RAM, Google wenyewe wanataja 16GB kuwa kiwango cha chini kwa anayetumia Android Studio pamoja na emuleta. Nilianza na 8GB, na niliweza kwa kufunga kivinjari kabisa na kuunda simu ya bandia yenye kioo kidogo na mfumo wa Android wa zamani kidogo. Unapopata pesa, ongeza kijiti cha RAM kabla ya kufikiria laptopu nyingine.

6. Stima ikipotea, usikimbilie Wipe Data

Betri za ex-UK huja zimechoka. Stima ikipotea, nyingi huzimika papo hapo kama balbu. Jioni moja ilipotea Innercore nzima emuleta ikiwa wazi, na iliporudi nikaambiwa kwamba simu hiyo ya bandia tayari inaendelea kwingine. Haikuwa ikiendelea popote. Emuleta ikiwaka huacha alama za kufuli ili isiwashwe mara mbili, na ikifa ghafla hakuna wa kuziondoa. Hakikisha kwenye Task Manager hakuna qemu-system inayoendelea, ikiwepo, imalize. Kisha ingia folda ya .android, ndani yake avd, ndani yake folda ya simu yako, ufute vile vyenye majina yanayoishia na .lock. Vingine usiguse.

Ikiwaka na kuganda kwenye nembo, huenda hali iliyohifadhiwa wakati wa kuzimika imeharibika. Kwenye Device Manager chagua Cold Boot Now, iwake upya kama simu iliyotolewa betri. Wipe Data ni ya mwisho, kwa kuwa hufuta kila kilichomo. Mimi niliibonyeza kwanza. Nilikuwa nimeingiza kwa mkono michango ya wanachama 31 kwa miezi minne, kazi ya jioni mbili, na yote ilienda. Mama alinipa kaunta buku bila kusema neno, nikaanza tena ukurasa wa kwanza.

7. Kioo cheusi

Emuleta ikifunguka lakini kioo kikabaki cheusi, kosa mara nyingi liko kwenye michoro, hasa kwa laptopu zenye kadi ya zamani ya Intel. Iwashe kwa ile amri ya emulator -avd ukiongeza -gpu swiftshader_indirect, au uchague Software kwenye Graphics ya simu hiyo ya bandia. Itakuwa nzito kidogo, lakini utaona.

8. Pakueni mara moja, mgawane

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. System image haina haja ya kupakuliwa na kila mtu. Ikishashuka, iko kwenye folda ya system-images ndani ya Sdk. Nakili kwenye flashi, mpe jirani aiweke mahali palepale kwenye mashine yake, folda kwa folda, majina yasibadilike, naye atafungua Android Studio aikute. Katika ploti yetu tuko wanne tunaojifunza, ghorofa tofauti. Mmoja hupakua usiku wakati bando ni nafuu, asubuhi flashi inapanda na kushuka ngazi. Hata Gradle, programu inayoijenga apu, tunagawana hivyo.

Na ukikosa meza ya kukalia, maana bedsitter ya watu watatu haina meza, kuna maktaba ya Makadara na ile ya Kaloleni. Zilikarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, ambalo pia limeishughulikia maktaba ya McMillan ya mjini. Ni maktaba za umma. Ni zetu, tuzijaze.

9. Emuleta haina jua

Sasa lile swali la mama. Simu niliyokuwa nikiitazama kwa furaha usiku ule ilikuwa ya kioo safi, yenye nafasi tele, ndani ya chumba chenye giza. Haikuwa ya mtu yeyote wa Mutindwa. Kwa hivyo nikachukua simu ya mama yenyewe, ya RAM ya 2GB, kioo kimepasuka pembeni. Kwenye mipangilio unatafuta Build number, unaigonga mara saba hadi simu ikuambie umekuwa mwendelezaji, kisha unawasha USB debugging na kuiunganisha na kompyuta. Ikikataa kuonekana, badilisha kebo kabla ya kitu kingine. Nyingi za mtaani ni za kuchaji tu, hazipitishi data.

Apu ilikatika palepale. Nilikuwa nimeandika anwani 10.0.2.2, ambayo ndani ya emuleta humaanisha kompyuta iliyoibeba. Kwenye simu halisi haimaanishi hivyo. Nikaweka localhost mahali pake, nikaandika adb reverse tcp:8080 tcp:8080, ikapita. Kisha nikaenda nayo sokoni saa saba mchana. Mama akainama chini ya mwavuli wa kibanda, akaweka kiganja juu ya kioo, akageuza simu huku na huko. "Sioni kitu hapa." Nilikuwa nimechagua maandishi ya kijivu juu ya nyeupe kwa sababu yalipendeza kwenye emuleta. Jirani yake anayeuza sukuma wiki alijaribu kugusa jina lake akafungua la mwingine, kwa kuwa mistari ilikuwa imebanana na vidole vyake vilikuwa na maji. Jioni hiyo nilibadilisha kila herufi ikawa nyeusi na kubwa, mistari nikaitenga upana wa kidole gumba.

Sisemi emuleta haina maana. Ndiyo inayonionyesha apu kwenye Android nane tofauti bila kununua simu nane. Lakini mashine yako ikishindwa kabisa kuibeba, usisubiri kununua nyingine. Simu na kebo ya data vinatosha kuunda apu kamili, na ukitaka kuiona kwenye skrini ya kompyuta kuna scrcpy, programu ya bure iliyotolewa na Genymobile mwaka 2018, ambayo haihitaji VT-x.

Leo akina mama 31 wanaweka michango yao kwenye apu hiyo, na mama bado anaandika kwenye kaunta buku vilevile, jambo ambalo namuunga mkono.

Juzi binti wa ghorofa ya pili aliniomba nimsindikize mjini kununua laptopu yake ya kwanza. Tuliwasha tatu kabla ya kulipa. Nawe ukienda, usitoe pesa kwa sababu ya ganda linalong'aa. Mwambie muuzaji aizime na kuiwasha mbele yako, ugonge kitufe cha BIOS mwenyewe, utafute Virtualization. Ikikudai nenosiri, irudishe kwenye kaunta uombe nyingine. Na risiti usiitupe.